Kupauka Kuna Dawa

Jua la Amarillo halina haya.
Linajipenyeza hadi chini ya bampa,
linanyonya weusi wa plastiki kidogokidogo
kama mtoto na kipande cha barafu,
mpaka gari la watu linabaki na midomo ya kijivu,
midomo ya mtu aliyeamka na malaria.

Nilipoliona gari la mzee Delbert Kuykendall
nilisikia sauti ya mama, Uvira, asubuhi ya shule:
"Rudi! Unatokaje nje umepauka hivyo?"
Na kiganja chake chenye mafuta ya mgando
kikapita gotini, kifundoni, usoni,
kwa nguvu, kana kwamba ananifuta nisiwepo.

Ndiyo kazi yangu ya Jumamosi,
uani kwa shemeji Bahunga.
Kwanza sabuni. Watu hawaiamini sabuni.
Wanataka mafuta juu ya vumbi, wang'ae leo,
kisha mvua ya kwanza ishushe michirizi mlangoni
kama wanja wa bibi harusi aliyelizwa.

Halafu mswaki.
Kuna nta nyeupe imekwama vinyweleoni mwa plastiki,
kazi ya kijana fulani
aliyesugua rangi kwa pupa, bila tepu.
Siagi ya karanga huitoa. Usicheke.
Karanga zile zile tulizotwanga za kutia kwenye sombe
leo nazipaka kwenye kitasa cha mlango, Texas,
na mbwa wa jirani amekuja kusimamia.

Halafu kukausha.
Halafu kungoja, na hapa wengi hushindwa,
maana plastiki yenye unyevu haishiki dawa,
hukubali tu, kama mgeni anayekubali kila kitu,
kesho yake hayupo.

Dawa yenyewe ni kidogo. Matone manne kwenye sponji,
kivulini, tabaka jembamba, mkono usirudi nyuma.
Weusi unakuja.
Sio ule wa kung'aa wa mafuta.
Ni weusi wa ndani, hauna kelele,
kama jina la mtu ulilolisahau
likirudi wakati unaosha vyombo.

Mzee alivua kofia, akazunguka gari mara mbili.
"Na hapa?" Dole lake kwenye mpira wa mlango wa dereva.
Nikaingiza ukucha ufani. Ukazama wote.
"Hapa hapana," nikamwambia,
nikatafuta maneno mengine katika Kiingereza changu cha risiti
nisiyapate, maana yako kwetu tu:
kupauka kuna dawa,
kupasuka hakuna.
Herufi moja inayotenganisha,
ule mlio wa *s*,
upepo wa uwandani ukipita kwenye mpira huo huo.

Alikuwa anauza Jumanne. Mnunuzi kijana, hajui kitu.
"Wewe upake tu uwe mweusi."
Ningeweza. Ufa ukipakwa vizuri
hauonekani mpaka mvua ianze kuingia viatuni.
Nilikata tepu ya buluu, urefu wa kidole,
nikaibandika juu ya ufa
palepale ambapo jicho la mnunuzi lingetua.
Hakusema neno.
Alilipa, akazidisha dola mbili,
kwa hasira au kwa hesabu mbovu, sijui.

Oktoba, kwenye taa nyekundu,
gari lilisimama kando yangu.
Bampa bado nyeusi, nilikagua hiyo kwanza.
Dereva bado ni yeye.
Na tepu bado ipo mlangoni,
buluu yake imekwisha, imepauka,
kona moja imenyanyuka na inapigapiga.
Nilimpungia. Sidhani kama aliniona.
Alikuwa ameinamisha kichwa upande wa ufa
kama mtu anayesemeshwa.